Itifaki Kwanza, Kaburi Baadaye

Mke wangu aliomba kitu kimoja tu kabla hajafa: dada yake aseme neno kwenye mazishi. Mtu mwingine angeona ni jambo dogo. Mimi ni mwalimu, na nimeshika kipaza sauti kwenye mazishi ya huku Mwala miaka mingi, na nilijua itakuwa kazi.

Nilipoanza, tulikuwa tunatambua wageni wachache kwa vyeo: chifu, DO wa tarafa, na mara mojamoja DC wa wilaya. PC wa mkoa tulimsikia redioni. Kisha wakaja gavana, naibu wake, seneta, MCA, yaani diwani wa kaunti, na msaidizi wa MCA. Wapya waliingia, wa zamani hawakutoka. Kanisani vilevile: juu ya kasisi kuna kanoni, juu ya kanoni kuna askofu, na kuna askofu mstaafu, ambaye ole wako umtaje baada ya kanoni. Nimechoka na vyeo hivi. Nimechoka hata kuvijua.

Siku hiyo nilikaa mbele na wafiwa, kipaza sauti akapewa jirani yetu. Shemeji alikuwa ametoka Ndithini alfajiri, miguu imevimba, akaketi nyuma yangu akikunja na kukunjua leso. Askofu alikuwa na mazishi mengine Tala, kwa hivyo ilikuwa lazima twende kaburini saa nane.

Jirani akaanza kutambua wageni. Askofu, mwakilishi wa gavana, kanoni, MCA. Halafu akasema, "Tuko pia na mzee wetu, alikuwa DC."

Mzee, aliyestaafu kitambo, akakataa kusimama. "Alikuwa? Mimi ni DC," akasema. "Na DC hawezi kuja nyuma ya MCA."

Jirani akaomba radhi. Badala ya kuendelea, akarudi mwanzo kabisa ili kila mtu akae mahali pake. Waheshimiwa wakasimama tena, wakapunga mikono tena, na jeneza la mke wangu liko pale juani. Mungu anisamehe, nilitamani kuwafukuza wote.

Askofu akatazama saa. Kasisi akasimama na kutangaza kwamba hotuba zimekwisha, twende kaburini.

Niliinuka. Sikuwa na adabu iliyobaki. Nilichukua kipaza sauti, nikasema itifaki yote imezingatiwa, nikampelekea shemeji.

Jirani akaninong'oneza, "Mwalimu, huyu nimtambue kama nani?"

Shemeji alimsikia. Akajibu mwenyewe, na spika zikapeleka sauti yake hadi barabarani. "Mimi sina cheo. Mimi ndio ule alikuwa anaita akiumwa."

Akaligeukia jeneza. "Na sasa mimi nikiumwa, nitaita nani?"

Akanirudishia kipaza sauti na kuketi. Watu walinitazama mimi, niliyezoea kupata neno la kusema, nami nikakizima kile chombo, kwa sababu hata mimi sikuwa tena na mtu wa kuita.