Wavu Namba Kumi na Saba

Kambini walimwita Buibui. Kwangu ni baba mdogo. Alikuwa raia pekee katika ghala la vifaa, na kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa kushona nyavu za kufichia magari ya jeshi. Bunduki hakuishika hata siku moja. Alishika shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia, uzi mnene na vipande vya kitambaa cha kijani na kahawia, akaketi kwenye kigoda karibu na dirisha, wavu umemfunika magoti.

Tangu mkewe, mama mdogo, afariki alikuwa akiingia kazini saa nzima kabla ya wenzake. Hawakujaliwa watoto. Nyumbani kulikuwa na viti vinne, na alishazoea kuona vitatu vitupu, ila mlio wa kijiko chake mwenyewe kwenye kikombe ulimshinda. Aliniambia hivyo mara moja tu, kisha akaniuliza habari za masomo.

Ndipo akaja kapteni mpya. Alipekua ghala, akasema nyavu zimejaa viraka, zitupwe, ziletwe mpya zisizohitaji fundi. Baba mdogo hakubishana. Aliomba kitu kimoja: katika zoezi la wiki ile, lori bovu la mazoezi lililoachwa bondeni lifunikwe kwa wavu wake, halafu droni irushwe kulitafuta. Likionekana, funguo za ghala atazirudisha mwenyewe. Kapteni akakubali.

Asubuhi ya zoezi aliwakuta makuruta wameuvuta wavu ukakaza, pembe zote za lori zimejichora.

“Mmelivalisha shati la kubana,” aliwaambia. “Hata kitambi chake kinaonekana.”

Walicheka, wakaulegeza. Akawaonyesha kuuinua kwa miti ya urefu tofauti, kuushusha taratibu mpaka chini ili kivuli kisiwe na kona, kuziba vioo kwa magunia visimeremete, na kufagia alama za buti kwa matawi. Vile viraka vilivyomkera kapteni vilifanana kabisa na kichaka kilichokauka upande mmoja. Mti mmoja ulikuwa unayumba, basi akaingia chini ya wavu kuushikilia. Akaambiwa asitoke mpaka filimbi ilie.

Droni ilipita mara tatu, haikuona kitu. Filimbi ikapulizwa huko ng’ambo ya kilima, upepo ukaichukua. Malori ya kuwarudisha makuruta kambini kwa chakula yalikuwa yanangoja, wakakimbia. Kila mmoja alidhani mwenzake ameshaufungua wavu.

Jioni ile aliniambia habari za droni mara mbili kwenye simu, kwa furaha. Yaliyofuata nilisimuliwa na dereva wa kapteni.

Saa kumi alasiri kapteni alirudi bondeni na dereva huyo, ameshika orodha. Walitembea huku na huko, wakapita hatua tatu tu kutoka kwenye lori. Kapteni alikuwa analalamika kwamba nyavu zimehesabiwa na mmoja haupo, namba kumi na saba. Walizungumza habari za wavu, za orodha, za makao makuu yatakavyowaka. Mtu hakutajwa.

Ndipo kichaka kikafunguka.

“Huu hapa, afande,” baba mdogo alisema. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, akashikilia bodi ya lori.

Kapteni alimtazama, akaitazama orodha, akaikunja.

“Mzee, umekaa humo tangu asubuhi?”

“Sikusikia filimbi.”

Kapteni alivua kofia. Alisema nyavu hazitatupwa, na ghala ni lake mpaka atakapochoka mwenyewe. Baba mdogo alishukuru, akasaidia kukunja wavu, akapanda nao nyuma ya gari. Dereva anasema alimwita mbele, kulikuwa na nafasi, akajibu kwamba huko nyuma panamtosha.

Kesho yake alifungua ghala saa nzima kabla ya wenzake. Akaushusha wavu namba kumi na saba, akautandaza magotini, akaanza kutafuta palipochanika. Hapakuwa na mahali. Akaendelea kutafuta mpaka wenzake walipoanza kuingia.