Nusu Kidonge

Kazi yangu ilikuwa kuchukua maneno ya wataalamu na kuyalainisha mpaka bibi wa Ngamiani ayaelewe huku anachambua mchele. Redio yetu ilikuwa ndogo tu, huko Raskazone, lakini nilijiona fundi hasa. Daktari akileta kurasa tatu, mimi natoa sentensi mbili. Siku hizi redio siifungui hata ya jirani.

Siku chache kabla ya Ramadhani ililetwa karatasi kuhusu wagonjwa wa sukari wanaotaka kufunga. Loo! Kila mstari una “isipokuwa” na “endapo”. Kidonge cha asubuhi kihamie futari. Cha jioni kimezwe daku, lakini nusu tu. Wengine wasifunge kabisa. Daktari akanipigia simu: “Hiyo nusu usiiguse, tafadhali.”

“Daktari,” nikamjibu, “ukiwajazia watu maneno hawashiki hata moja.” Nusu nikaikata. Wasiopaswa kufunga nao nikawakata. Tangazo likabaki hivi: dawa ya asubuhi meza futari, ya jioni meza daku. Nikalisoma kwa sauti yangu mwenyewe, na likarudiwa mchana kutwa.

Watu walilipenda. Muuza machungwa mmoja wa Muheza alikuwa amelikariri neno kwa neno, akanisomea mbele ya wateja wake. “Na mimi ninayo sukari,” akasema, “sasa nafunga bila wasiwasi.” Nilicheka naye, lakini ile nusu ikanijia. Nikajiambia nitalirekebisha kesho. Kesho yake nikaona aibu kumpigia daktari.

Mama yangu naye ana sukari, miaka mingi. Siku ya tatu ya mfungo nilipita kwake baada ya alasiri. Nikapiga hodi, nikaingia. Nikamkuta jikoni juu ya mbuzi, nazi mkononi, hakuni. Mikono inamtetemeka, na kanga imelowa jasho chapachapa.

Sukari ya mwili ilikuwa imemshuka. Nikakoroga sukari kwenye maji, upesi upesi. “Mama, fungua! Kunywa!”

Akakaza midomo. “Nina saumu yangu. Dawa nimemeza daku, nzima, kama walivyosema redioni.”

“Redio imekosea, mama yangu. Wallahi imekosea!”

Akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, kama mtu aliyeingia kumwibia.

“We mwanamke, sikujui. Toka kwangu,” akasema, huku akisukuma glasi. “Mle redioni anasema binti yangu.”