Chai ya Ojuok

Nyinyi mliokulia upande wa Awasi enzi zetu, bila shaka mnaukumbuka ua wa ojuok, ule mnyaa usiokufa hata kiangazi kikaushe visima vyote. Kila boma lilizungushiwa. Mbuzi hawakuugusa, wezi hawakuupenya, na sisi watoto tulikuwa na onyo moja la Mama: "Hiyo maziwa yake haichezewi. Inakula macho."

Haichezewi, sawa, lakini kalongolongo bila chai ni kalongolongo gani? Tulipika ugali wa udongo na omena za majani makavu kwenye vifuniko vya mikebe. Mdogo wangu Ochieng ndiye aliyekuwa mkamuaji. Alivunja kijiti cha ojuok, utomvu mweupe ukatiririka, chai yetu ikapata maziwa. Jua lilikuwa kali, akajipangusa jasho usoni kwa mkono uleule.

Kilio kile sijakisikia tena. Macho yalivimba tukiyatazama. Nilikimbilia mtungi nikaukuta mkavu; Mama alikuwa ameenda mbali kutafuta maji, kama kila mtu kiangazi kile. Nikarudi mikono mitupu. Ndipo akaja jirani yetu, min Awuor, yaani mama yake Awuor, aliyekuwa na mtoto mchanga mgongoni. Akapiga magoti, akatoa titi.

"Mshike kichwa. Na wewe Ochieng, usifinye macho, baba. Fungua."

Akamkamulia maziwa yake jicho hili na lile, mpaka mtoto wake mwenyewe akaanza kulia njaa. Ochieng alipelekwa zahanati, akarudi amefungwa kitambaa, na siku zote zile hatukuthubutu kuuliza kama ataona tena. Mama hakutuchapa. Hilo lilitutisha zaidi. Kitambaa kilipotolewa, neno la kwanza la Ochieng lilikuwa kwamba leso ya min Awuor ni nyekundu, na Mama akaketi chini akalia.

Leo Ochieng ndiye anayeukata ua uleule. Anaukatakata, anauchanganya na mavi ya ng'ombe, anautia kwenye tangi lililofukiwa ardhini, na gesi inafika jikoni kwa bomba. Kuni zimekwisha huku kwetu; ojuok bado ipo. Binti yake anageuza kitufe, chai inachemka, na bado analalamika kuwa moto unachelewa. Huyu hajawahi kupuliza kuni mbichi mpaka kamasi zikamtoka.

Juzi binti huyo alibeba panga kwenda kukata ojuok bila miwani ya kujikinga.

"Daddy, si ni miti tu?"

Ochieng akamnyang'anya panga. Akamvisha miwani yake mwenyewe, kisha akaenda kuutikisa mtungi wa maji ulio kando ya ua. Ulikuwa umejaa. Ndipo akamrudishia panga.

Enzi zetu jikoni tulilia kwa moshi. Siku hizi hakuna anayelia, nami nashukuru. Lakini msichana yule alikata huku akiimba, na sisi wawili, watu wazima wenye mvi, tulisimama nyuma yake bila kupepesa, tukiilinda mikono yake isipande usoni.