Mke wa Fundi Hapimwi

Nilishasema sitaki. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima kaja mara tatu, eti kila mwanafunzi aandike habari za mtu mmoja anayemjua, na mimi niliyewazidi wote umri nianze. Kalamu yenyewe nimeijua juzi, vidole hivi vimezoea mchi. Na katika watu wote ninaowajua, anayenijia kichwani ni yuleyule nisiyetaka kumsema: shemeji yangu, fundi cherehani, mume wa mdogo wangu. Haya. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nimeinama, lakini mtu asije akanisahihisha.

Mtaa mzima ulimwita Inchi. Futi yake ya kupimia ilikaa shingoni kutoka asubuhi mpaka anakwenda kuoga, na hata mezani hakuivua. Ukimuuliza mkate ukatwe mkubwa au mdogo, anasema, "Nikatie inchi mbili." Duka lake ni chumba cha mbele cha nyumba: vyerehani viwili, meza ya kukatia iliyolika pembe, pasi, na dirisha linalotazama barabara. Ukipinga neno lake anakujibu, "Macho yanadanganya, mama. Inchi haidanganyi."

Vipimo vya wateja aliviandika kwenye daftari, na ukurasa wa kwanza ulikuwa wa mkewe. Miaka thelathini na moja iliyopita msichana huyo aliingia dukani na kitambaa cha maua ya zambarau. Alikuwa mtu wa mwili, anayejua kuutembeza. Inchi akampima, akaandika: bega kumi na saba, kifua arobaini na sita, kiuno arobaini, nyonga hamsini na moja. Gauni likamkaa kama alizaliwa nalo. Kesho yake msichana akarudi, amenuna.

"Fundi, nimekuja kulalamika."

"Wapi panabana?"

"Hapabani popote. Nitapata wapi sababu ya kurudi?"

Walipooana, mara ya kwanza anamshonea kama mke, akamwona anakata kitambaa bila kumgusa. "Hunipimi?" akauliza. Inchi akajibu bila kuinua macho, "Mke wa fundi hapimwi. Anajulikana." Neno likawa utani wa nyumba. Daftari lilichakaa likanunuliwa jipya, likachakaa tena, na kila mara ukurasa wa kwanza ulinakiliwa na namba zilezile. Na kweli mwili wake haukuwa na msimu. Watoto wakazaliwa, wakakua, wakahamia mbali, nyonga zikabaki hamsini na moja.

Mpaka mwaka jana.

Alianza kupungua polepole, kama sabuni. Chakula kikawa hakipiti, tumbo likawa linamuuma upande mmoja. Siku moja kaja dukani na gauni jipya, nalo limemning'inia mabegani. Inchi akaliona. Mtu mwingine akiona hivyo angemuuliza mkewe, "Una nini?" Yeye akashika upindo, akausugua kwa vidole, akafoka. "Vitambaa vya siku hizi! Kikifuliwa mara mbili kinalegea kama nyavu. Yule muuza vitambaa nitamrudishia jora lake." Na kweli akamrudishia, wakatukanana mbele za watu.

Mkewe aliona aibu. Jina la mumewe lilikuwa kwenye mishono ile. Basi akawa akizipunguza nguo zake kwa siri, mchana, mume yuko kwenye cherehani na yeye chumba cha nyuma, kwa sindano ya mkono, kwa ndani, ili nje isionekane. Na chini akavaa shimizi mbili, baadaye tatu, mwili urudi machoni pa watu. Mimi ndiye niliyemshikia kioo. Kosa langu nimelitaja mara moja, sirudii.

Hapo ndipo habari ya gari ilipoingia. Asubuhi moja wanakunywa chai, akasema, "Fundi, tununue kigari."

"Gari la nini, na kazi yangu iko chumba cha mbele? Hatua kumi na nne kutoka kitandani nimeshafika."

"Ni la kwangu mimi. Vile vidogo vya mjini visivyokula mafuta. Basi limenishinda, nasimama mpaka miguu inakuwa ya mtu mwingine."

"Wewe unataka kwenda wapi?"

"Nataka nikapimwe."

Inchi alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Mke wa fundi hapimwi!"

Neno ni moja, lakini lina milango miwili. Yeye alibisha mlango wa hospitali, mumewe akamfungulia wa duka. Angelisema tena, kwa uwazi, angesikika. Lakini kwetu sisi neno halisemwi mara mbili. Ndiyo sifa ya ukoo wetu, na ndiyo maradhi yetu. Akacheka naye, akaondoa vikombe.

Hata hivyo Inchi alimpenda, mtu asiseme hakumpenda. Jumamosi akafunga duka akaenda kwa dalali wa magari, futi shingoni. Dalali alikuwa na kigari kimoja chekundu, kifupi, kimekaa katikati ya malori kama kifaranga kilichopotea.

"Hicho ni gari," Inchi akauliza, "au kiatu kilichokosa mwenzake?"

"Cheka, fundi, cheka. Hiki hakinywi mafuta, kinaonja. Ukikijaza leo utasahau kituo cha mafuta kiko mtaa gani. Kinaegeshwa hata mlangoni mwako, paka akipita anakizunguka."

"Na nikipiga chafya ndani?"

"Funga vioo kwanza, kisihame njia."

Inchi akavua futi, akapiga magoti. Akapima mlango, akapima kutoka kiti mpaka mbele panapogota magoti, akapima upana kati ya mlango na mkono wa breki. Watu wa yadi wakasimama kumtazama, maana hawajaona mtu anayelipima gari gauni. Dalali akaeleza injini, akaeleza tairi, yeye hakusikiliza. Alikuwa anahesabu kwa midomo. Nyonga hamsini na moja, na mtu akikaa zinatanuka inchi tatu, kila fundi anajua.

Akarudi nyumbani, akasema kutoka mlangoni, "Huingii."

"Umepima?"

"Kiti nimekipima. Wewe nakujua."

Mkewe akatoka chumba cha nyuma, akaja akasimama katikati ya duka, akainua mikono yote miwili pembeni kama mteja. "Basi nipime na mimi," akasema. "Leo tu. Ulinganishe."

Inchi alikuwa ameshakaa kwenye cherehani, pini mdomoni, sare za shule zimemrundikia mpaka kifuani. Akacheka kwa puani, pini zisidondoke. "Shusha mikono, bibie, utanifukuzia wateja."

Akaishusha. Mmoja kwanza, halafu mwingine. Inchi aliniambia baadaye kwamba sauti ya cherehani ya siku ile haijamtoka masikioni, kwa sababu hakusimamisha mguu.

Wiki tatu zikapita. Suala la gari likawa utani wa kila mteja. "Inchi, umenunua kiatu?" "Bado, mguu haujaingia." Mkewe akisikia anatabasamu, anaingiza tena sindano.

Jumatano moja, kabla ya adhuhuri, dalali akaja na kile kigari mpaka mlangoni, kinanguruma taratibu kama cherehani kuukuu. "Fundi, nipe neno la mwisho. Kuna mwalimu anakitaka." Inchi akainuka amjibu. Mkewe alikuwa anatoka ndani na sinia ya chai. Sinia ikatangulia chini, naye akafuata.

Hawakuwa na gari lingine la kungojea. Wakambeba, na Inchi alipompitisha mikono chini ya mgongo alishika nguo, akashika nguo tena, akashika nguo tena, kabla hajamfikia mtu. Wakamweka kiti cha mbele. Mimi nilifika mbio nikakuta mlango umeshafungwa. Inchi akajikunja nyuma, magoti yamefika kidevuni.

Njiani akamtazama. Jicho la fundi halikatazwi kupima, na safari hii lilipima lenyewe. Kati ya mkewe na mlango, nafasi ya vidole vinne. Kati yake na mkono wa breki, vidole vinne. Mkanda ulikuwa umevutwa mpaka mwisho na bado umelegea.

Mkewe akafumbua macho. Akaangalia dirisha, barabara inavyopita, yeye amekaa, hasukumwi na mtu. Akageuza shingo kidogo.

"Fundi," akasema. "Umeona? Nimeingia."



Hospitali, muuguzi akatoka na kalamu. "Mgonjwa alipimwa lini mara ya mwisho?"

"Miaka thelathini na moja iliyopita," Inchi akasema.

Muuguzi akadhani anafanyiwa mzaha. Akamtazama vizuri, akaona machozi, akaandika.

Ulikuwa uvimbe tumboni, umekaa mwaka mzima. Daktari akasema angeletwa miezi sita nyuma, wangekuwa na la kufanya. Alisema kwa upole, na upole wake ulikata kuliko makasi. Siku kumi na moja Inchi alikaa pale kwenye benchi. Mara mbili mkewe alipata nguvu ya kuongea, na mara zote mbili aliuliza kama sare za shule zimekwisha. Siku ya kumi na mbili hapakuwa na wa kuuliza.

Baada ya mazishi tulikuwa tunakunja nguo zake, mimi na yeye. Akachukua lile gauni alilolilaumu kitambaa. Akaligeuza ndani nje, kwa mazoea tu, fundi hakunji nguo kabla ya kutazama mshono. Kando ya mshono wake wa mashine kulikuwa na mstari wa uzi wa mkono, vituta vidogo vya mtu asiyejua kushona. Pembeni yake mstari mwingine. Halafu mwingine. Mistari saba, kila mmoja umeingia ndani zaidi ya mwenzake.

"Shemeji," akaniambia, "ulijua?"

Nikamwambia nilijua. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Akavua futi shingoni, akalaza gauni kwenye meza, akapima mstari mmoja mmoja. Kisha akafungua daftari ukurasa wa kwanza, na chini ya hamsini na moja akaandika arobaini na nane. Chini yake arobaini na sita. Akashuka hivyohivyo mpaka thelathini na tano. Hapo karatasi ikalowa, kalamu ikakataa.

Dalali alirudi kumpa pole, akamwambia kigari bado kipo, mwalimu atasubiri, na bei ataishusha. Inchi akamjibu, "Kilikuwa cha mtu mmoja." Mwalimu akakichukua. Kila asubuhi kinapita mbele ya dirisha, chekundu, kinanguruma kama cherehani kuukuu, na kila asubuhi mguu wa Inchi unasimama mpaka kimeishia kona.

Siku hizi anampima kila mtu, kila anapoingia. Hata aliyekuja jana. "Inchi, umenipima jana tu!" "Jana imepita. Inua mikono." Wanacheka, wanasema uzee umemwingia. Mimi pia ananipima nikienda. Nainua mikono, naangalia ukutani.

Basi, nimeandika. Mwalimu wa kisomo ametaka karatasi mbili, zimekuwa zaidi, asinilaumu. Na wewe unayesoma, usiniletee pole, pole ninazo za kutosha. Inuka hapo ulipokaa. Nenda kwa mtu wako, yule unayejua unamjua, mwambie ainue mikono. Mpime kwa futi, halafu mpeleke akapimwe. Ukirudi niandikie kwa herufi kubwa: uliyodhani, na uliyoyakuta. Nangoja.