Niliufanya Mtihani Mmoja Mara Kumi na Moja

Nianze na ujinga wenyewe kabla ujasiri haujaniisha. Nilikuwa na wiki sita za kujiandaa kwa mtihani wa kujiunga na chuo cha biashara, nikazitumia kurudia karatasi moja ya majaribio mara kumi na moja. Moja! Ile ile! Halafu nikajiona kichwa.

Msicheke sana, mwenzenu bado naumia.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Bagara, hapa Babati. Matokeo yangu ya kidato cha nne tuyaache huko huko yaliko. Kutoka nyumbani sipendi kabisa, hata kwenda gengeni huwa naaga kama nasafiri. Sasa kuna mashine ya kukamua alizeti mtaani kwetu, hatua chache tu kutoka mlangoni kwangu, walikuwa wanatafuta karani. Kazi ambayo naweza kurudi nyumbani kunywa chai! Lakini walitaka mtu aliyekwisha kuingia chuo.

Mara ya kwanza kuufanya mtihani huo nilipata arobaini na sita, na chuo kinataka sitini. Ukianguka mara ya pili, hawakupokei tena hadi miaka miwili ipite. Nani angenisubiri miaka miwili?

Mume wangu, Baba Careen, ni fundi wa kuchomelea. Jioni alikuwa golikipa wa timu ya maveterani, na kitu anachokipenda baada ya sisi ni lile goli. Akaniambia, "Mama Careen, kuanzia saa kumi na moja jioni, lisaa limoja ni lako. Watoto na jiko niachie mimi."

"Na mpira?"

"Glovu zitapumzika."

Jamani! Mwanaume akaacha goli, akashika mwiko.

Nilikuwa na bahasha yenye karatasi sita za majaribio. Majibu yote nilimkabidhi jirani yangu Mama Glory, muuza maandazi, ili nisichungulie. Siku ya kwanza nikafanya karatasi ya kwanza, majibu nikiyaandika kwenye daftari, akanisahihishia: arobaini na nne. Sawa. Kesho yake nikafungua ya pili: thelathini na nane.

Thelathini na nane! Yaani nilikuwa narudi nyuma!

Hapo ndipo nilipokosea. Badala ya kukaa na yale maswali ya asilimia yaliyonipiga, niliirudisha ile karatasi kwenye bahasha, bahasha nikaisukumia chini ya godoro, nikaichukua tena ya kwanza. Hamsini na saba! Kesho yake, sitini na sita. Utamu wake nisiwadanganye, ni kama kujitazama kwenye kioo siku umesukwa nywele.

Baba Careen akawa anauliza kutoka jikoni, moshi umemjaa machoni, "Leo ngapi?"

"Sabini na tisa!"

"Karatasi ya ngapi hiyo?"

"Ya nne," nikajibu bila hata kukohoa.

Nilimdanganya mtu anayenipikia. Naye akaenda kuwaambia wenzake wa timu kwamba mkewe sasa anagonga tisini.

Kuna dada niliyesoma naye, Anitha, akanitumia ujumbe niende Nakwa Jumamosi. Walikuwa na kikundi cha kujiandaa kwa mtihani huo huo, kila mtu analeta swali lililomshinda. Nikawaonea huruma! Mtu wa tisini na moja nikakae na watu waliojaa maswali yaliyowashinda? Tena nitoke hadi Nakwa, na viatu nivae juu yake? Nikamjibu nina mafua.

Siku ya mtihani nikaingia ukumbini nikitembea kama mgeni rasmi. Nikafungua. Mfanyabiashara wa kwenye karatasi yangu ya nyumbani alikuwa anauza mahindi, na faida yake niliijua kama jina la mwanangu. Huyu wa mtihani alikuwa anauza mbaazi. Mbaazi, zao nililolivuna tangu sijaota meno ya ukubwani! Lakini hesabu yake sikujua naanzia wapi. Nikageuza kurasa kumtafuta yule wa mahindi. Hakuwepo. Mkono ukaandika C wenyewe, kwa sababu nyumbani jibu lilikuwa C.

Matokeo yakatoka. Arobaini na saba.

Wiki sita, alama moja!

Nikamweleza Baba Careen kila kitu, na bahasha nikaitoa chini ya godoro. Akazihesabu zile tano, zote safi kama zimetoka dukani. Hakufoka. Angefoka ningepona. Alisema tu, "Kumbe nilikuwa napika bure," akachukua glovu zake akaenda uwanjani. Timu walishapata golikipa mwingine, jamaa wa Mutuka mwenye mikono mirefu. Sasa mume wangu anakaa pembeni, anaokota mipira inayotoka nje. Na kwenye mashine ya alizeti kuna karani mpya. Ni Anitha. Kila asubuhi anapita mlangoni kwangu na kunisalimia kwa upendo, jambo ambalo linaniudhi kuliko kama angenitukana.

Wewe unayesoma hapa na muda wako ni lisaa limoja tu kwa siku, nakuomba, lipeleke kwenye swali linalokutia aibu. Lile unalolijua liache, halina shida na wewe. Na ukiona alama zako zinapanda kila siku na hujaumwa kichwa hata mara moja, shtuka!

Nilipomaliza kulia nikaenda kwa Mama Glory, nikitegemea walau yeye atanitetea, maana ndiye aliyekuwa akiniwekea zile vema zote. Alikuwa anageuza maandazi. Akanisikiliza hadi mwisho, akafuta mikono kwenye khanga, akasema:

"Pole, Mama Careen, ila usinililie mimi. Mimi nimeishia darasa la saba, na ile karatasi yako kwa nilivyoisahihisha, ukinipa sasa hivi napata mia."