Sakafu ya Msikiti wa Kale

Msikiti wa kale wa mtaa wetu kule Ibra, Uarabuni, haukuwa na mnara. Ulikuwa na nguzo nene kupita haja yake, na mihrabu ya jasi iliyochongwa maua, katikati limepachikwa bakuli la Kichina la buluu. Mimi nilikuwa mwashi, nimerudi kutoka Unguja miaka ile ya sabini, na wenyeji walituita Wazanzibari ingawa babu zetu wamezikwa palepale. Kila nikiingia kusali, mzee mwangalizi wa msikiti alilitazama bakuli kwanza, kisha mimi.

Ndiyo maana nilishangaa aliponipa kazi. "Shill is-saqf kullo," aliniambia, yaani iondoe yote. Neno saqf nililijua tangu utotoni: sakafu. Na kweli ilikuwa imepasuka. Nikakunja mikeka, nikaanza kuibomoa mbele ya mihrabu.

Adhuhuri ilinikuta ndani ya shimo. Mwangalizi akaingia na wazee wawili, akauliza natafuta nini. "Ammi, nafanya ulichoniambia," nikamjibu kwa Kiarabu changu cha kuokoteza. Hakuniamini. Kabla ya alasiri mtaa mzima ulikwishajua kwamba Mzanzibari anachimba hazina msikitini. Niliogopa sana. Unguja tulikwishafukuzwa, nikiharibu jina na hapa, ningewapeleka wapi mama na wanangu?

Mama ndiye aliyenifumbua macho. "Mwanangu, huku sakafu iko juu," alisema. "Saqf ni dari."

Nilicheka, kisha nikaona aibu, kisha nikapandwa na hasira. Nikaenda kumweleza mwangalizi. Akasema haya, nifukie. Lakini alipokuwa akisema hakunitazama mimi, alitazama shimo. Nikafukia, nikashindilia vizuri, nikatandika mikeka.

Alfajiri tulikuta shimo limefukuliwa tena, na safari hii lilikuwa la kina cha kiuno. Watu wote wakanigeukia mimi, wamgeukie nani mwingine? Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nguo za wenyewe huwezi kuzipekua. Sala ikakimiwa, safu zikapangwa, mwangalizi akasimama kuliani kwangu. Sisi Maibadhi hatufungi mikono katika sala, inaning'inia tu ubavuni. Mungu anisamehe, sala ile sijui niliisali vipi. Nilitupa jicho kwenye kucha zake, nikaona udongo umejaa mpaka ndani.

Yeye alikuwa akizitazama zangu.