Jumamosi ya Kukata Mibuni

Mume wangu nyumbani ni mtu mpole. Akipewa kipaza sauti anakuwa mtu mwingine, na huyo mwingine mimi sikuolewa naye.

Mwaka ule bei ya kahawa ilikuwa imelala na haikuonyesha dalili ya kuamka. Hapa Nyakasimbi kahawa ikishuka inashuka na mambo mengi: harusi zinaahirishwa, bati zinabaki dukani, hata kapu la sadaka linakuwa la sarafu tupu. Ukaitishwa mkutano wa hadhara kwenye uwanja wa shule, tujadili kwa nini tumekwama na tufanye nini. Nilikaa kwenye nyasi na wanawake wenzangu, miguu nimeinyoosha, nikijua kabisa kwamba jibu hatutalipata ila vituko tutavipata.

Tukavipata. Mzee mmoja alisema kinachotuua ni butura, ule mtindo wa kumuuzia mtu kahawa ikiwa bado maua kwa sababu una shida ya leo, halafu anakuja kuvuna yeye. Kijana akamjibu kwamba butura haikuletwa na uvivu. Malipo yanachelewa, na mtoto akiugua hangoji msimu. Bwana mmoja wa Nyakatuntu, aliyekuja kusalimia wakwe zake, akasema tatizo ni makato yanayokatwa kwenye malipo yetu. Mwingine akasema ni vijana na pikipiki zao. Mfanyabiashara wa kutoka Muleba, mwenye duka la pembejeo hapa kwetu, akasema tatizo ni sisi wenyewe, mibuni yetu imezeeka na mbolea hatuweki. Huyo alizomewa, maana kila mtu alijua mbolea na miche anauza nani. Nadhani kila mmoja alikuwa na ukweli kidogo, ila hakuna aliyekubali kwamba mwenzake naye anao.

Ndipo mume wangu akaomba nafasi.

"Ndugu zangu, tunamlaumu mnunuzi bure," alisema. "Mchawi wetu ni kahawa yenyewe! Babu kafa nayo maskini, baba kafa nayo maskini. Dawa yake ni shoka. Tupande parachichi!"

Watu wakapiga makofi. Angeishia hapo ningemsamehe. Lakini makofi nayo yanalewesha.

"Naanza mimi!" akaongeza. "Jumamosi njooni kwangu. Nitakata mibuni yote mkiniona kwa macho yenu."

Mzee jirani yetu, ambaye shamba lake linapakana na letu, alipiga makofi mpaka kofia ikamdondoka. Mimi sikupiga. Mibuni ile iko nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, na aliyeipanda ni marehemu baba mkwe. Bati tunalolala chini yake lilitoka pale. Sare za watoto zinatoka pale, na michango ya misiba pia. Parachichi linangojwa miaka, na mtoto hawezi kwenda shule amevaa ahadi. Njiani nilimweleza yote hayo, tena kwa sauti ambayo waliokuwa mbele yetu waliisikia.

"Mama watoto," akanijibu, "nimeshasema mbele ya watu."

Hakusema kwamba mimi nimekosea. Alisema hivyo tu, na akawa anatazama barabara.

Mama mkwe hakuwa mkutanoni, miguu inamsumbua, lakini habari zilifika nyumbani kabla yetu. Tulimkuta barazani anachambua maharage. Mwanawe alipomwambia shikamoo aliitikia huku akiyaangalia maharage. Siku zilizofuata aliongea na mimi, na wajukuu, na mbuzi. Mimi sikuwa mpole kiasi hicho. Hasira zangu nazijua. Nilimwita mume wangu Waziri wa Parachichi, tena wakati anakula.

Alhamisi nilikwenda shambani kukata majani ya mgomba ya kufunikia ndizi jikoni. Nikamwona. Alikuwa peke yake kwenye mibuni, anaondoa machipukizi na vijiti vikavu, taratibu, kama anavyofanya kila mwaka. Alimaliza mbuni mmoja, akarudi nyuma hatua chache kuutazama, akaenda kwa mwingine. Nilisimama nyuma ya mgomba nisijue nicheke au nilie. Mtu wa kukata mti Jumamosi anaupogolea Alhamisi ya nini? Kumbe hataki! Mdomo ndio uliomponza, na sasa hajui ashukie wapi.

Nilikwenda moja kwa moja jikoni kwa mama mkwe.

"Mama, mwanao anapogolea kahawa."

Akaweka kisu chini. "Unasema kweli, mwanangu?"

"Nimemwona mwenyewe."

Akacheka, mara ya kwanza tangu siku ya mkutano. Kisha akasema tumshushe ila tusimwangushe, kwa kuwa mwanamume aliyechekwa na kijiji kizima ni mzigo kwa watu wa nyumbani kwake. Nilimuuliza tutamshushaje. Akasema niwaache wageni waje.

Subira mimi sikujaliwa. Ijumaa nilipokuwa peke yangu ndani nilichukua shoka nikalificha chini ya kitanda chetu.

Jumamosi walikuja wengi kuliko nilivyoogopa. Mzee jirani alikuwa wa kwanza, amevaa koti. Yule mfanyabiashara alifika na miche ya parachichi nyuma ya pikipiki. Mume wangu akazunguka mji mzima akitafuta shoka kwa sauti: jikoni, stoo, hata kwenye banda la mbuzi. "Jamani, shoka silioni!" Mimi nilikuwa nasugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi. Mzee jirani akasema hilo lisitusumbue, yeye analo, atamtuma mtu akalilete. Nikaanza kuisugua ile sufuria upya.

Basi wageni wakakaa barazani wakingoja shoka. Walikuwa wanangoja na kitu kingine, ingawa hakuna aliyekitaja. Kwetu mgeni akishakaa, kabla ya neno lolote la maana, analetewa kahawa ya kutafuna: buni zilizochemshwa na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa, zikawekwa katika kikapu kidogo chenye kifuniko. Ukichukua punje ukatafuna, umepokelewa. Usipoletewa hujapokelewa, na ambaye hajapokelewa hana kazi ya kufanya katika mji wa watu.

Mama mkwe aliniita mlangoni akanipa kikapu. Kilikuwa chepesi mno. Nilimtazama, akanionyesha kwa kidevu niende.

Nilipiga magoti mbele ya mzee jirani, nikafunua. Akaingiza vidole huku akiongea na mwenzake, akapapasa mpaka chini. Alinitazama. Mimi nilitazama sakafu. Kwa mazoea tu akampa kikapu aliye karibu naye, naye akapapasa, akampa wa tatu. Kikapu kilizunguka baraza nzima, kila mkono unaingia na kutoka mtupu.

"Waitu, ndugu zangu, mnisamehe," mama mkwe akasema kutoka mlangoni, kwa adabu zote. "Nimesikia mkutano umesema kahawa ni mchawi. Nikaona nisiwalishe wageni wangu uchawi. Nimeimwaga. Parachichi zikizaa nitawapokea."

Mzee jirani alikuwa na kikapu magotini, kimemrudia. "Mama, naingia katika mji huu tangu mzee yuko hai. Sijawahi kutoka bila kutafuna."

"Umeanza leo, baba. Na nikija kwako nitakuta vivyo hivyo, maana nasikia makofi mlipiga wote."

Mzee alifikiri. Nadhani ndipo alipoiona mibuni ya kwake mwenyewe. Akavuta koti lake vizuri akasema, "Hatujapokelewa. Shoka langu haliwezi kufanya kazi mahali ambapo mimi sijapokelewa."

Mume wangu alilidaka neno hilo kabla halijagusa chini. "Wazee wamesema kweli! Kuwaita watu na kutowapokea ni aibu yangu. Tungoje iliyo mtini iive, mama achemshe nyingine, aikaushe, mje mtafune vizuri. Ndipo tukate." Alikuwa anaongea haraka mno kwa mtu anayesikitika.

Walikubali wote, hata wale waliokuja kwa ajili ya kushangilia. Mfanyabiashara alinuna, basi mume wangu akanunua miche miwili, tukaipanda pembeni karibu na banda la mbuzi. Nilipobaki peke yangu nilikaa kwenye kinu na kumshukuru Mungu kwa sauti.

Msimu ukaja. Bei ikaanza kupanda, kila mnada na bei yake, na habari ya shoka hakuna aliyeikumbusha. Tukaitwa tena uwanja wa shule, safari hii kujadili bei imepanda kwa nini na tufanye nini isishuke. Wapo waliosema ni ukame wa nchi za mbali, wapo waliosema ni minada, wengine ni maombi. Mfanyabiashara akasema ni mbolea. Mzee jirani alisimama akatueleza kwamba yeye tangu mwanzo alitukataza tusikate. Kisha mume wangu akanyoosha mkono, nami nikainamisha kichwa.

"Sababu mimi siijui," alisema kwenye kipaza sauti, akakaa.

Sijawahi kujivunia mtu kama siku ile. Jioni tulikaa barazani, mama mkwe akampitishia kikapu kimejaa. Nikaona sasa naweza kusema.

"Baba watoto, lile shoka ulilolitafuta siku ile nililificha mimi. Chini ya kitanda."

Aliendelea kutafuna.

"Najua," akasema. "Ulikuwa umeacha mpini nje. Nikalisukuma ndani."